Kamera ya Stoo ya Mama Mkwe

Katika ukoo mzima wa mke wangu, mtu mmoja tu ndiye asiyeruhusiwa kumkazia macho mama mkwe wangu, na mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo ilipoamuliwa kwamba mama huyo awekewe kamera, kazi ya kuichagua, kuinunua, kuifunga na kuiangalia nilipewa mimi. Walisema nilifundisha fizikia mpaka nikastaafu, na tena nina simu nzuri. Ukiwa na simu nzuri katika familia yetu, umekwisha.

Kwa asiyetoka kwetu Meru lazima nieleze kidogo. Kuna heshima tunayoiita nthoni, ile haya ya mtu kwa wakwe zake. Mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi karibu, hawali mmoja mbele ya mwingine, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja huingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Siku hizi mambo hayo yamefifia. Nimewaona vijana wakiwakumbatia mama wakwe zao nje ya kanisa mchana kweupe, na mbingu haikuanguka. Lakini mama mkwe wangu hakulegeza kamba hata kidogo. Kwa miaka ishirini na minne alizungumza nami kupitia kwa mke wangu. "Mwambie huyo mtu chai iko tayari," angesema, na huyo mtu amesimama hatua tano kutoka kwake, akiinusa chai yenyewe. Mke wangu asipokuwepo, alizungumza na kuku. "Wewe kuku, mtu akitaka maji ya kunawa si yako hapo kwa ndoo?" Nami nilimshukuru kuku. Kusema kweli niliipenda hali hiyo. Wenzangu wana mama wakwe wanaowapigia simu.

Mama anakaa Mitunguu, peke yake tangu mzee wake alipofariki, na kazi yake ni kuvundika ndizi. Nyuma ya jiko ana stoo ya mbao na mabati isiyo na dirisha hata moja, giza totoro saa sita mchana. Humo hupanga mikungu ya muraru, zile ndizi za kuliwa zikiiva, huifunika kwa majani makavu ya mgomba, kisha kila siku huingia kuipapasa. Hatazami rangi, maana hakuna rangi ya kutazamwa mle ndani. Huweka kiganja, husikiliza joto, na siku akisema zimeiva, zimeiva. Wanawake wanaouza ndizi mjini humsubiri yeye huku wakiziacha za wengine zilizoivishwa kwa dawa.

Mwaka jana aliteleza humo akagonga nyonga, akalala sakafuni mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi. Hakuvunjika. Lakini kaka mkubwa wa mke wangu, ambaye ana nyumba ya mawe huko Embu, alifika siku iyo hiyo na gari akaanza kufungasha vitu. Mama aliketi juu ya godoro lake ili lisibebwe.

"Embu nitavundika nini?" aliuliza. "Watoto wako?"

Mke wangu ndiye aliyeokoa siku. Alisema shambani mama anaonekana kutoka barabarani, jikoni moshi wake unaonekana kwa jirani, na kanisani asipofika anatafutwa. Mahali pekee anapoweza kuanguka bila mtu kujua ni stoo. Basi stoo iwekewe kamera. Shemeji akakubali kwa sharti moja.

"Mtu amwangalie kila siku," alisema. "Ikipita siku moja tu hamjui yuko aje, nakuja kumchukua. Na hiyo siku godoro nitaliacha."

Mama akakubali. Ataangaliwa kwa simu ya nani, hakuuliza, na sisi hatukujitia kiherehere cha kumwambia. Mke wangu anatumia kabambe, ile simu ya vibonye, kwa sababu simu janja tatu zimeshamfia kwenye ndoo za kufulia.

Duka nililokwenda liko Meru mjini, jembamba, limebanwa kati ya bucha na duka la dawa. Mwenyewe ni mama wa Kiislamu wa makamo, mwepesi wa ulimi.

"Karibu mwalimu," alisema nilipotaja kamera. "Unaogopa mwizi ama unaogopa bibi?"

"Naogopa shemeji."

Alicheka, akanipangia kamera tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa na umbo la balbu. Alisema hiyo ndiyo watu wanaikimbilia, unaifunga tu mahali pa balbu na kazi imekwisha. Nilimuuliza inatumaje picha. Akasema kwa waifai. Stoo ya mama haina waifai. Haina hata mahali pa balbu, kwa sababu haina stima. Hiyo ikarudi kwenye boksi.

Ya pili ilikuwa na taa kali. Mtu akipita mbele yake inawaka na kupiga picha ya rangi, safi mno. Niliitamani, sitaki kudanganya. Lakini mama husema ndizi iliyomulikwa kabla ya wakati wake huiva upande mmoja. Fizikia yangu haikubaliani naye, ila fizikia yangu haijawahi kuuza hata kichane kimoja. Nayo ikarudi.

Ya tatu ilikuwa ndogo, imenuna, na ina laini yake ya simu. Ilikuwa na betri, na kipaneli cha sola cha kuwekwa juu ya bati, na waya wa kuviunganisha. Gizani inaona kwa miale ambayo jicho la mtu haliioni, kwa hiyo haimmuliki mtu wala ndizi. Mwenye duka alifunga mlango, akazima taa, akanionyesha kwenye simu yake kile ilichokiona: kipara changu, kinang'aa kama sufuria mpya.

"Sasa hii inalala," alinieleza. "Kitu chenye joto kikipita, inaamka, inapiga picha ya video na sauti yake, inakutumia. Kama hakuna kitu inalala tena, ndio betri isiishe."

"Kuku je?"

"Kuku ako na joto, mwalimu."

"Na ndizi zinazovundikwa? Hizo nazo zina joto."

Swali hilo hakuwa amewahi kuulizwa. Alinitazama, nami nikajikuta nimerudi darasani. Nikamweleza kwamba chombo hicho hakishtuliwi na joto lililokaa mahali pamoja, hushtuliwa na joto linalosogea, kwa hiyo mikungu haitakisumbua.

"Unaona?" alisema. "Wewe unajua, mimi nauza. Na iko na spika. Unabonyeza hapa, unaongea na yeye mpaka huko."

Nilicheka mpaka nikashika meza. "Huyo hata akiwa mbele yangu hatuongei."

Alinihurumia kwa macho, kama mtu aliyesikia kwamba kwetu kuna ugomvi wa mashamba. Kuhusu bei, yeye alianzia kwenye beberu aliyenona, mimi nikaanzia kwenye jogoo, na tukakutana mahali fulani karibu na mbuzi mwenye homa.

Tuliifunga Jumamosi. Mama alijifungia jikoni kwa heshima yangu, nami nikapata nafasi ya kufanya nilivyotaka. Nilielekeza kamera chini kabisa, ili chochote kitakachoonekana kisipite magoti. Mke wangu alipanda kwenye ngazi akaiinua.

"Tukiona miguu tutajuaje ni yake?" aliuliza. "Unataka kuhesabu vidole?"

Kwa vile nilikuwa na nyundo mkononi, nilitengeneza na mlango pia. Ulikuwa unafungwa kwa kipande cha waya. Nikauwekea komeo la chuma kwa nje, zito, linalojiangukia lenyewe ukiusukuma mlango. Nililijaribu mara sita na kila mara nilijisifu.

Jumatatu asubuhi simu ikatetemeka, nikafungua picha bila kufikiri. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi juu ya kreti, miguu ameinyoosha, kichwa wazi, nywele nyeupe zote nje, anakula ndizi. Si ndizi moja. Niliona maganda matatu. Niliitupa simu kwenye kochi nikasimama nikiutazama ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nilikuwa nimeona nywele za mama mkwe, na nimemwona akila, yote mawili kabla ya saa tatu asubuhi.

Tangu siku hiyo nikajiwekea sheria. Sauti ya kamera niliizima. Simu ikitetemeka, naigeuza kifudifudi. Jioni mke wangu akirudi kutoka kwenye zahanati anakofanya kazi, namkabidhi, anaketi kitandani anapitisha picha zote, kisha anampigia kaka yake kumwambia mama yuko sawa. Kila akimaliza nilimuuliza habari, kwa sauti ya mtu asiye na haraka.

"Yuko mzima," alinijibu siku moja. "Ameanza kuvaa kitambaa cha kanisa hata stoo. Na anaomba. Namwona midomo ikicheza."

Nilifurahi kwamba mama amekuwa mtu wa sala. Wiki tano zikapita hivyo, na nikaanza kuwaambia watu kwamba kamera ni jambo jema.

Kisha mvua zikaanza. Shemeji akapiga simu kusema stoo sasa itateleza zaidi na yeye halali usingizi. Mke wangu akaona haya ni mambo ya kuzungumzwa ana kwa ana. Akapanda gari kwenda Embu asubuhi na mapema, na mlangoni akaniambia, "Leo uangalie wewe mwenyewe." Nikasema sawa. Nilimdanganya. Nilikuwa nimeshapanga kuigeuza simu mpaka jioni, atakaporudi.

Saa nne ikatetemeka. Nilikuwa nachambua maharagwe hapa kwetu Kinoru, Meru mjini, nikaigeuza. Ikatetemeka tena. Na tena. Nikasema ni kuku. Saa tano nikasema kuku ameangua vifaranga. Kufikia saa sita simu ilikuwa imetembea yenyewe juu ya meza mpaka ukingoni, ikaanguka kwenye maharagwe, na mimi nikaiokota nikiwa nimefumba macho. Nilimpigia mke wangu, hapatikani. Kumpigia shemeji kulikuwa sawa na kumfungashia mama virago. Majirani wa Mitunguu sikuwa na namba zao, zote ziko kwenye ile kabambe. Kilichobaki kilikuwa kugeuza simu na kuangalia, jambo ambalo mtoto wa miaka mitatu angelifanya. Nikaona katika akili yangu kichwa wazi na maganda ya ndizi, mkono ukakataa.

Saa saba nikatoka na simu mpaka kwa mama anayeuza mboga karibu na lango letu.

"Nisaidie," nilimwambia. "Niangalilie mama mkwe."

Huyu naye ni mtu wa kwetu. Hakuniuliza kwa nini siangalii mwenyewe. Alifuta mikono kwenye aproni akaichukua simu, nami nikazipa mgongo sukuma wiki zake.

"Amekaa kwa kreti," alisema. "Hajaanguka. Anapunga jani la ndizi hapa mbele. Mwalimu, huyu mama anaita mtu. Sauti iko wapi?" Akabonyezabonyeza. Halafu nikaisikia, kwa Kimeru, kavu kidogo kwa kiu, lakini imetulia.

"Baba ya wajukuu wangu," ilisema. "Mlango umejifunga. Nakuita tangu saa nne. Umenikasirikia?"

Niliketi juu ya gunia la viazi la yule mama, akanionyesha mahali pa kubonyeza, na maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia mama mkwe wangu bila mtu wala kuku katikati yakawa haya: "Mama, nakuja." Nilijikuta nimeinamisha kichwa mbele ya simu.

Nilikodi bodaboda, nikamwambia dereva akimbie lakini asituue. Nilipofika, kijiji kilikuwa kitupu, watu wote wakiwa mazishini ng'ambo ya mto. Komeo langu lilikuwa limekaa mahali pake, imara kabisa. Nililiinua. Mama akatoka akiwa amefumba macho kwa sababu ya jua, kitambaa cha kanisa kimekaa sawa kichwani, mkononi ana ndizi mbili. Mimi nikaingia kwenye migomba, kama ada. Kuku alikuwa hapo karibu.

"Kuku," nilisema, "mwambie mama pole sana."

"Kuku hana makosa," mama alisema. "Niambie mimi."

Basi nikatoka migombani nikamwambia yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho akinitazama usoni muda wote, jambo lililonifanya nisahau nusu ya maneno. Kisha akauliza swali ambalo sikulielewa: kwa nini kila siku nakataa kumjibu?

"Kukujibu nini, mama?"

"Salamu."

Alijua tangu siku ya pili kwamba ninayeangalia ni mimi. Binti yake ana simu ya vibonye, alisema, angeonea wapi picha? Hapo ndipo alipoanza kuvaa kitambaa. Akajiambia kwamba mtu akikuona ndani ya nyumba yako, huyo amekuwa mgeni wako, na mgeni husalimiwa. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa wiki tano, aliketi juu ya kreti, akaitazama ile kamera na kuniuliza nimeamkaje. Alingoja kidogo nijibu. Kisha akaendelea na ndizi zake. Hayo ndiyo yalikuwa maombi ambayo mke wangu aliyaona.

Niliona aibu ambayo sina jina lake. Nthoni niliijua, hii haikuwa nthoni. Hii ilikuwa aibu ya mtu aliyesalimiwa mara thelathini na kitu na mzee, akanyamaza, huku akijiita mwenye adabu.

Simu ikalia hapo hapo. Ilikuwa namba ya shemeji, na sauti ya mke wangu nyuma yake. "Mama yuko aje?" shemeji aliuliza.

Ningeweza kusema yuko sawa. Alikuwa sawa, alikuwa anamenya ndizi. Mama alinitazama, hakutikisa kichwa wala hakukonyeza, aliacha nijiamulie. Na mimi nilijua kwamba nikidanganya atabaki, na nikisema kweli huenda kesho stoo hii ikawa tupu.

"Alifungiwa stoo tangu saa nne," nilisema. "Komeo niliweka mimi. Kamera haina shida, imeniita asubuhi yote. Mimi ndio sikuangalia."

"Hukuangalia kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

Nilisikia mke wangu akivuta pumzi ya mtu anayejiandaa kusema mengi. Lakini shemeji naye ameoa, na mama mkwe wake yuko hai na macho yake ni makali.

"Hata mimi nisingeangalia," alisema mwishowe, polepole, kama mtu anayekiri mbele ya padri.

Mama akanyoosha mkono, nikampa simu. Alimwambia mwanawe kwamba kuanzia leo huyu mtu ataangalia, yeye mwenyewe amemruhusu, na ruhusa hiyo si ya Embu kuipinga. Godoro lake liko mahali pake. Shemeji akasema sharti ni lile lile, siku moja tu. Mama akamjibu kwamba amesikia, na kwamba mvua ni ya migomba, si ya kuhamisha watu. Kisha akanipa ile ndizi ya pili. Tukala tukiwa tumesimama uani, mimi nikigeukia upande mmoja kidogo kwa mazoea, na ilikuwa tamu. Kabla ya kuondoka niling'oa komeo kwa jembe, nikarudisha waya.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema, nikaoga, nikavaa shati na koti, ingawa kamera haioni upande wangu. Mke wangu alinitazama, akaninyooshea kola. Saa mbili simu ikatetemeka. Sikuigeuza. Mama alikuwa juu ya kreti, kitambaa kichwani, anaitazama kamera.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Nimeamka salama, mama. Na wewe?"

"Mimi mzima."

Alipapasa mkungu mmoja, akautoa mkono, akaitazama kamera tena kwa muda. Sikujua kama nikate ama ningoje.

"Jana ndio mara ya kwanza nakuangalia vizuri," alisema. "Tangu uje kumwoa huyu msichana, mimi nilikuwa naangalia viatu vyako tu."

"Ndiyo, mama."

"Umezeeka, mwanangu. Na hakuna mtu aliniambia."